Seli Zinazokataa Kufa: Mguu wa Mdogo Wetu na Swali la Posa

Kwa kawaida hapa tunazungumza singo, hina, vikuba vya asumini na namna ya kuishi vizuri na mawifi. Leo tunaomba mtuvumilie kidogo. Tunataka kuzungumzia saratani ya mifupa, na hasa zile protini ndogo ndogo ndani ya mwili ambazo kazi yake ni kuiambia seli kwamba muda wake wa kufa umefika. Msikimbie. Habari hii inamhusu biharusi kuliko mnavyodhani.

Tunaandika kwa sababu mwaka huu mdogo wetu ameposwa. Ana miaka 24, ni mwalimu wa skuli ya maandalizi, ana maneno mengi na mkono mzuri wa mapishi. Mguu wake wa kushoto ulikatwa juu ya goti alipokuwa na miaka 17, kwa maradhi yanayoitwa osteosakoma. Ametupa ruhusa ya kuandika kwa masharti mawili: tusimtaje jina, na tusimfanye mtu wa kuonewa huruma.

Mshenga alipokuja, mama alimweleza kila kitu siku ile ile, kabla hata kahawa haijapoa. Alisema hataki mtoto wake aingie nyumba ya watu na siri mfukoni. Baada ya wiki moja jibu likarudi, na halikuwa la mahari. Upande wa bwana waliuliza: "Maradhi hayo yana asili? Watoto watayarithi?" Wapo waliokasirika kwetu. Sisi tuliona ni swali la haki, na linastahili jibu la haki. Kulipata jibu hilo ilibidi turudi kwa daktari, tukae naye, atufundishe kwa subira jinsi seli inavyoishi na inavyokufa.

Kufa kwa seli ni neema

Sisi wanawake tuanze na mambo tunayoyajua. Mkono wa mtoto tumboni mwa mama huanza kama kafi la ngalawa, hauna vidole. Vidole hutokea kwa sababu seli zilizo baina yake hufa, moja baada ya moja, kwa wakati wake, mpaka nafasi zinaonekana. Mama anapomwachisha mtoto ziwa, seli zilizokuwa zikitengeneza maziwa nazo hufa kwa wingi na ziwa hurudi katika hali yake. Hakuna jeraha wala usaha. Seli hujikunja, hujikata vipande vidogo vidogo, na seli za jirani huvila vile vipande. Mwenye mwili hana habari.

Mwaka 1972, wataalamu watatu, John Kerr, Andrew Wyllie na Alastair Currie, walikipa kifo hiki cha utaratibu jina la apoptosisi, neno la Kigiriki linalotumika kwa majani yanayopukutika mtini. Aliyewahi kufagia chini ya mkungu ataelewa mara moja: majani yanageuka mekundu, yanaanguka, na mti hauumwi. Ungekuwa na shida kama majani ya zamani yangegoma kuanguka.

Mwaka 2002 Tuzo ya Nobel ya tiba ilikwenda kwa Sydney Brenner, Robert Horvitz na John Sulston kwa kazi yao juu ya mnyoo mdogo wa urefu wa milimita moja hivi. Mnyoo huyo anapokua hutengeneza seli 1,090 za mwili, na 131 kati ya hizo hufa. Kila mnyoo ni hivyo hivyo. Hapo ikathibitika kwamba kifo cha seli kina maandishi yake ndani ya jeni, na kina protini zinazopokea amri, zinazopitisha na zinazotekeleza.

Tunasema jeni, kwa herufi e. Shangazi yetu mmoja alilisikia neno hilo sebuleni akadhani tunasema jini, akaanza kutafuta ubani. Tulicheka, lakini tusifiche: mdogo wetu alipougua, wapo waliosema ni jini kweli. Herufi moja tu ilitenganisha maneno hayo mawili, na safari zake hazikuwa na uhusiano wowote.

Hodi ya nje na uamuzi wa ndani

Daktari alituchorea seli kama nyumba. Kuna njia mbili za kuivunja nyumba hiyo kwa amri.

Njia ya kwanza ni hodi ya nje. Juu ya ukuta wa seli kuna protini iitwayo Fas. Seli nyingine, kwa mfano askari wa kinga ya mwili, huja na protini inayoshikana na Fas kama mkono unavyoshika pete ya mlango. Wataalamu huiita ligandi ya Fas. Zikishashikana, ujumbe unaingia ndani na kuamsha mafundi wa kubomoa, ambao ni protini za kundi la kaspesi. Kaspesi namba 8 huamka kwanza, kisha huamsha namba 3, na kazi ya kukata huanza.

Njia ya pili ni uamuzi wa ndani. Humo ndani mna protini iitwayo p53, iliyogunduliwa mwaka 1979. Huyu mfikirie kama bi mkubwa wa nyumba. Kila maandishi ya jeni yanapoharibika, yeye ndiye anayesimamisha kazi na kuuliza: hili linarekebishika? Likirekebishika, seli hungoja mpaka litengenezwe. Lisiporekebishika, huamuru nyumba ivunjwe. Amri yake huenda jikoni, kwenye mitokondria, ambako nguvu za seli hupikwa. Protini iitwayo BAX hutoboa ukuta wa jiko, vitu vilivyomo humwagika, na kaspesi huamka kwa njia hiyo. Mlangoni mwa jiko kuna mlinzi, BCL-2, ambaye kazi yake ni kuzuia pasitobolewe ovyo. Seli nzima inaishi kwa mizani ya hawa: wanaosema ife na wanaosema isife.

Saratani huanza pale mizani inapopinduka. Si kwamba seli inakua haraka tu. Inakua, na inakataa kufa inapoambiwa.

Lilivyoingia mfupani

Osteosakoma huwapata zaidi vijana walio katika miaka ya kurefuka, wakati seli za mifupa zinagawanyika kwa kasi. Zaidi ya nusu hutokea jirani na goti, ama chini ya paja au juu ya muundi. Pengine huwa begani. Katika sehemu kubwa ya uvimbe huu p53 imevunjika au imenyamazishwa. Mara nyingi protini nyingine iitwayo RB, ambayo ni kama breki ya kugawanyika, nayo imeharibika. Basi fikirini: seli ina kazi nyingi ya kujenga mfupa, breki haipo, na bi mkubwa wa kusema "simameni" hayupo.

Kwa mdogo wetu ilianza kama maumivu ya goti usiku. Mchana alikwenda skuli, usiku alilia. Kituo cha kwanza tulichokwenda alipewa vidonge vya maumivu na kuambiwa ni mifupa inakua. Tulirudi mara mbili, tukapewa vidonge vile vile. Uvimbe ulipoonekana kwa macho, jirani mmoja akaleta mafuta na kutaka kumchua. Mama alikataa, akasema mguu hauguswi mpaka upigwe picha. Eksirei ilionyesha mfupa ulioliwa. Tukavuka na boti kwenda Dar es Salaam, akachukuliwa kinyama, na neno osteosakoma likasomwa mbele yetu kwenye karatasi.

Mara ya kwanza kusubiri habari ya kifo

Zamani tiba ilikuwa kukata mguu peke yake, na pamoja na hayo ni kiasi cha mmoja kati ya watano waliopona. Sababu ni kwamba uvimbe ulipogunduliwa, mara nyingi chembe zisizoonekana kwa picha zilikuwa zimeshasafiri hadi mapafuni. Tangu miaka ya 1970 madaktari walianza kutia dawa za saratani mishipani pamoja na upasuaji. Leo, mahali tiba inapopatikana kamili, na maradhi hayajaonekana kwingine mwilini, wanaopona ni kama sita au saba katika kila kumi.

Dawa alizopewa mdogo wetu ni doksorubisini na sisplatini. Doksorubisini ni nyekundu kama juisi ya rozela, na hata mkojo baadaye hutoka na wekundu. Tulikuwa tunadhani dawa hizi zinaiunguza saratani kama tindikali. Daktari akatwambia kazi yake ni ya akili zaidi: zinayaharibu maandishi ya jeni ndani ya seli ya saratani kiasi ambacho seli yenyewe inalazimika kusikia amri ya kufa. Hata pale p53 ilipovunjika, njia nyingine za kuamsha kaspesi zinaweza kubaki wazi. Ndiyo maana kwa wengine dawa hufanya kazi vizuri na kwa wengine haifanyi. Inategemea ni njia ngapi za kifo bado zipo ndani ya seli ile.

Baada ya mizunguko ya mwanzo, mguu ulikatwa. Haukuweza kuokolewa kwa sababu uvimbe ulikuwa umezunguka mishipa mikubwa ya damu. Kisha tulingoja karatasi nyingine. Maabara huukata uvimbe vipande na kuangalia ni sehemu gani ya seli imekufa kutokana na dawa. Zikiwa zimekufa 90 kwa 100 au zaidi, huhesabiwa kuwa dawa imefanya kazi vizuri. Kwetu sisi, kifo ni jambo tunaloambiwa kwa sauti ya chini. Siku ile tulikaa kwenye benchi, dada na dada, tukiomba kwa nguvu zote tusikie kwamba kuna vilivyokufa, na vimekufa vingi. Vilikuwa zaidi ya 90. Mama alisujudu pale pale ukumbini, juu ya kanga yake.

Mapafu na mlango usiofunguka

Sehemu hii inatugusa mpaka leo, kwa sababu kila miadi ya kupima kifua tunaikumbuka.

Osteosakoma ikitembea, pahala pake pa kwanza ni mapafu. Watafiti wa kituo cha saratani cha MD Anderson huko Houston, Marekani, wakiongozwa na daktari Eugenie Kleinerman, waliuliza swali zuri: kwa nini seli nyingine za saratani hii hufika mapafuni zikafa, na nyingine hufika zikastawi? Waligundua kwamba ngozi ya ndani ya mapafu ina ligandi ya Fas, yaani mapafu yenyewe hupiga hodi. Seli ya saratani yenye Fas ukutani huisikia hodi, kaspesi zinaamka, inakufa. Seli isiyo na Fas, au yenye Fas chache mno, haisikii chochote. Hiyo ndiyo inayobaki na kuzaana. Walipochunguza uvimbe uliotolewa mapafuni mwa wagonjwa, wakakuta mwingi wake hauna Fas au unayo kwa uchache sana.

Kwa hiyo mapafu ni kama chujio, na kinachopita katika chujio ni kile kilichoondoa mlango wake. Kwenye panya, watafiti hao walijaribu dawa ya kuvuta kwa pumzi ili kuzirudishia seli hizo Fas, zianze tena kusikia hodi. Kutoka kwa panya mpaka kwa binti wa watu ni njia ndefu. Lakini tulifarijika kujua kuwa wapo watu wanaokesha na jambo hili, wakiutafuta mlango uliofichwa.

Mapafu ya mdogo wetu yamepigwa picha mara nyingi. Ya mwisho ilikuwa kabla ya kupanga tarehe ya nikaha, kwa hiari yake mwenyewe. Alhamdulillah, yako safi.

Jibu tulilolipeleka

Sasa turudi kwenye posa. Ina asili au haina?

Daktari alitufafanulia kuwa p53 inaweza kuharibika kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni ndani ya seli moja ya mfupa, baada ya mtu kuzaliwa. Uharibifu huo unabaki ndani ya uvimbe. Haumo kwenye damu wala kwenye mayai ya uzazi, na mtoto harithi kitu. Osteosakoma nyingi ni za namna hii. Namna ya pili ni mtu kuzaliwa na p53 yenye kasoro katika kila seli ya mwili. Hali hiyo inaitwa Li-Fraumeni, kwa jina la Frederick Li na Joseph Fraumeni, walioandika juu ya familia hizo mwaka 1969. Mwaka 1990 ndipo ilipojulikana kuwa chanzo ni p53. Hii ni adimu, lakini ikiwepo, kila mtoto ana uwezekano wa nusu kwa nusu kuirithi. Si kama sikoseli tunayoijua visiwani, ambayo lazima mtoto aipokee kwa baba na mama. Hapa mzazi mmoja anatosha. Vile vile, mtoto aliyezaliwa na kasoro ya RB, ile inayoleta saratani ya jicho utotoni, huwa na hatari kubwa zaidi ya osteosakoma baadaye.

Daktari akataka shajara ya ukoo. Hapo ndipo nyumba yetu ilipojaa. Bibi mzaa mama, shangazi wa Pemba, mtoto wa ami aliyepo Muscat kwa simu, wote waliulizwa: nani alikufa kijana, na kwa nini? Kulikuwa na saratani ya ziwa kabla ya uzee? Ya ubongo? Ya mtoto? Tulichora vizazi vitatu kwenye karatasi ya manila. Tulikuta sukari, presha, na mjomba aliyezama baharini. Saratani za ujana hatukuzikuta, zaidi ya hii ya mdogo wetu. Na kipimo cha damu kilichopelekwa nje kilirudi kikisema p53 aliyozaliwa nayo ni nzima.

Tulipeleka jibu kwa mshenga kama lilivyo, hatukuongeza sukari wala hatukupunguza chumvi. Haina asili kwa vipimo vilivyofanywa. Kuhusu kuzaa, dawa za saratani huweza kupunguza uwezo wa uzazi kwa wengine, na wengi waliotibiwa wakiwa wasichana huja kupata watoto; yeye hedhi yake ilirudi, na zaidi ya hapo ni kwa Mungu. Doksorubisini huweza kuchosha moyo hata baada ya miaka, kwa hiyo lazima apimwe moyo kwa picha kabla ya kubeba mimba na akiwa nayo. Sisplatini imempunguzia usikivu wa sauti nyembamba, kwa hiyo asipoitika, asidhaniwe ana kiburi.

Siku tatu baadaye mama wa bwana alikuja mwenyewe, na doti ya kanga na halua. Alimwambia mama: "Tumeoza watoto wangapi bila ya kujua hata nusu ya haya?"

Tunayowaachia

Mashoga, mwenye binti, mdogo au mwanafunzi mwenye maumivu ya mfupa yanayomwamsha usiku, yasiyoisha kwa wiki kadhaa, au uvimbe unaokua karibu na goti au bega, ampeleke akapigwe eksirei. Ukiambiwa ni mifupa inakua na maumivu hayaishi, rudi ukaombe picha. Uvimbe usiojulikana usichuliwe. Mfupa uliovunjika kwa kuanguka kidogo tu nao una maneno yake.

Kwa biharusi mtarajiwa aliyewahi kutibiwa saratani: tafuta karatasi zako za hospitali uwe nazo mkononi. Jua majina ya dawa ulizopewa na kiasi chake, maana daktari wa uzazi atayahitaji. Pima moyo. Uliza kuhusu ukoo. Useme ukweli kabla ya nikaha, kwa utulivu, kama mtu anayeeleza hesabu zake, si kama mtu anayeungama kosa. Seli ilikataa kufa. Hilo si kosa lako, wala la mama yako, wala la jicho la mtu.

Na kwa masomo na wapambaji: muulizeni biharusi mwenyewe anavyotaka, msimpangie kwa huruma. Mdogo wetu ameshapatana na fundi wa hina. Mikono miwili, mguu mmoja, na bei ipunguzwe. Fundi amekubali yote isipokuwa la bei, na mpaka tunaandika haya bado wanavutana kwa simu.